Maegesho ya Siku Tatu

Kochi lile hakuna aliyelikalia. Fundi angeweza kula yamini. Alimaliza kulivika kitambaa Ijumaa jioni, akalipiga brashi, akalifunika shuka kuukuu ili vumbi lisiliguse kabla mwenyewe hajaja kulichukua, kisha akafunga karakana kwa komeo. Jumamosi asubuhi alipolifunua, kwenye mto wa kulia palikuwa na bonde la makalio. Haukuwa mkunjo wa kitambaa. Lilikuwa bonde la duara, kama linaloachwa na mtu mzima aliyekaa muda mrefu akiwaza yake. Akaweka kiganja, akakuta pana joto.

Mtu mwingine angesema ni jua la dirishani, akaendelea na chai yake. Fundi alikuwa na miaka ishirini na miwili katika kazi ya makochi, na alijua jambo ambalo watu wa kazi nyingine hawalijui: sponji haidanganyi. Ikikaliwa huzama, ikiachwa hunyanyuka kwa mwendo wake, na mwenye mkono mzoefu anaweza kukwambia aliyekaa ameinuka dakika ngapi zilizopita. Ile ya mto wa kulia ilikuwa bado inanyanyuka chini ya vidole vyake.

Lakini tusianzie kwenye kochi. Mambo haya yalianzia getini, siku kumi na mbili nyuma, kwa neno moja tu, nalo ni "ndiyo".

Fundi alikuwa mtu mwema, na wema wake ulikuwa na kasoro moja, kwamba hiyo "ndiyo" ilikaa karibu na ulimi wake kuliko meno. Ukimwomba nyundo, ndiyo. Ukimwomba akuvishie seti nzima kwa siku mbili, ndiyo, halafu anakesha peke yake na gundi. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alikuwa mwalimu kweli, wa darasa la tatu, alikuwa akisema kwamba siku Mungu atakapogawa tena neno "hapana", atamwamsha mumewe mapema akapange foleni.

Jumatatu hiyo, jua likianza kupoa, aligonga geti jirani wa nyumba ya pili. Huyu aliitwa Baba Pacha, dereva wa teksi, mtu wa maneno mengi na vicheko, mwenye watoto pacha wa miaka minne. Siku hiyo hakucheka. Alisimama nje akizungusha ufunguo kidoleni.

"Jirani, nina shida ndogo."

"Shida yako ni yetu. Sema."

Unaona? Alikuwa ameshakubali kabla hajasikia.

"Ni gari. Hapo mbele ya kwangu wanafukua barabara, mambo ya mabomba. Halafu wiki iliyopita wezi wameninyofolea vioo vya pembeni vyote viwili. Nilikuwa naomba niliweke hapa uani kwako. Siku tatu tu."

Jikoni Mwalimu akakohoa. Fundi alikijua kikohozi kile, na hakikuwa cha kifua.

"Ndiyo, leta tu," akasema haraka, kabla kikohozi cha pili hakijafika.

Mwalimu akatoka akijifuta mikono kwenye khanga, tumbo mbele. Ilikuwa mimba ya miezi minane. Miaka kumi ya ndoa, mimba mbili zilizotoka kabla hazijapewa jina, na sasa hii ya tatu ambayo walikuwa hawaitaji kwa sauti wasije wakaishtua. Katika nyumba ile hapakuwa na kitu kingine chenye thamani, ukiondoa cherehani.

"Shemeji," akamwambia Baba Pacha, "siku tatu kuanzia leo au kuanzia kesho?"

"Kuanzia leo, shemeji. Neno langu."

"Haya. Ufunguo utauacha. Ua wetu ni mwembamba, na mimi siku yangu ikifika sitaanza kutafuta dereva ili machela ipite."

Baba Pacha akautazama ufunguo. Aliutoa kidoleni kama mtu anayeng'olewa jino. "Sawa. Ila jambo moja, tafadhali. Msiufungue mlango. Msiliguse kabisa. Lina... lina shoti."

Alipolisema hilo hakumtazama yeyote machoni. Aliliingiza gari, teksi nyeupe iliyochoka, likakaa kati ya nyumba na karakana pale ambapo Fundi huanika mito, akaondoka bila hata kungoja maji ya kunywa.

"Ungemwambia utafikiri," Mwalimu akasema wakati wa kulala.

"Kuna nini cha kufikiri? Nafasi ipo."

"Ipo kwa sababu hatujaigawa."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, lakini gari huwezi kulipa jembe. Siku tatu zikapita, zikawa tano, zikawa nane. Mikokoteni ya wateja ikawa haiingii, makochi yakawa yanapakiwa barabarani, na mzee mmoja aliyeleta viti sita vya mezani alivirudisha kwake vyote sita akisema hawezi kuvibeba kichwani kutoka barabarani. Baba Pacha naye akawa haonekani. Ukienda asubuhi, ameshatoka, ameazima teksi ya mwenzake. Ukienda jioni, bado hajarudi. Mkewe alikuwa anajibu kupitia tundu la mlango, na nyuma yake pacha walisikika wakiuliza, "Gari letu linarudi lini? Shangazi anarudi lini?"

"Mwambie alitoe," Mwalimu alisema. "Kama unaona aibu, nitamwambia mimi."

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Alitafuta njia ya mtu mwenye haya. Alhamisi, alipokuwa akipangusa vumbi la kioo cha nyuma, alichungulia akaona siti ya nyuma ina mshono ulioachia, urefu wa kiganja, na aliyewahi kuushona alitumia uzi mwekundu mnene, mishono imepishana huku na huku. Fundi akakunja uso. Mshono mbaya ulimuuma kuliko jino. Hapo hapo akapata wazo. Ataishona siti ile vizuri, bure, kisha ataenda kugonga na kusema, jirani, nimekurekebishia kiti, njoo ukione. Baba Pacha ataona aibu na gari lake atalichukua, na hakuna atakayekuwa amesema neno baya. Kuhusu shoti, alijiambia, shoti iko kwenye nyaya, haiko kwenye kitambaa.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta," akasema peke yake, akachukua ufunguo.

Gari lilikuwa limeshinda juani, lakini ndani kulikuwa na baridi. Harufu ikamjia, kutu na nywele zilizoloa. Akafungua mlango wa upande wa pili upate hewa, akaing'oa siti, akaibeba hadi mezani kwake. Alipoifumua akakuta kitu ambacho katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kukikuta. Alishawahi kukuta sarafu, vitana, hereni, meno ya bandia mara moja. Hiki kilikuwa kifurushi cha kitambaa cheusi, kimeshonewa kwenye sponji kwa mishono myekundu arobaini, aliihesabu akiikata, na ndani yake kufuli dogo la shaba lililofungwa, bila ufunguo.

Madereva wana mambo yao, akawaza. Akaliweka kufuli kwenye kopo la misumari. Sponji yenyewe ilikuwa ya zamani, nzito, ya aina isiyotengenezwa tena siku hizi, lakini upande wa kushoto ilikuwa imebonyea isirudi. Akaitupa kwenye gunia la mabaki, akakata mpya, akashona mshono ambao ungemfurahisha hata marehemu mwalimu wake wa kazi. Akairudisha siti garini, akaipiga viganja viwili na kusema maneno aliyozoea kukiambia kila kiti anachokimaliza.

"Haya, karibu anayekaa."

Gari likaliza springi zake na kuinuka kidogo upande wa kushoto, kama gari linavyoinuka mtu anaposhuka. Fundi akageuka. Uani palikuwa na yeye, na mito, na paka wa jirani aliyekuwa ameanza kukimbia. Akacheka kidogo kwa woga, akaufunga mlango. Alipokwenda kwa Baba Pacha jioni, hapakuwa na mtu.

Jioni hiyo hiyo Mwalimu aliingia karakana kutafuta kitu cha kujazia mto wa mtoto. Kitanda kidogo mumewe alikuwa ameshakitengeneza, godoro pia. Mto alitaka kuushona mwenyewe, wa kitambaa cha njano, usiku alikuwa akiutarizi ua. Alipekua gunia la mabaki akachagua kipande kizuri, kizito, cha sponji ya zamani, akakata kona ya ukubwa wa kiganja. Hakumsumbua mumewe kwa jambo dogo kama hilo.

Sasa tumefika kwenye kochi.

Jumamosi ile, baada ya kuliona bonde, Fundi alikwenda kuchukua misumari na kukuta kufuli kwenye kopo limefunguka. Hakuna ufunguo uliowahi kuliingia. Alijipa sababu, kwamba ni zee, limelegea. Jumapili mchana, saa sita kamili, hakuna kazi, mlango umefungwa, alisikia springi zikilia karakanani. Kiti kimoja. Kimya. Kisha kiti kingine. Ni kama mteja aliyeingia dukani akijaribu, hiki kigumu, hiki kifupi, hiki labda. Alipofungua, viti vyote vinne vilivyokuwa vikingoja wenyewe vilikuwa na mabonde, na la mwisho lilikuwa bado linajaa. Ile harufu ya nywele zilizoloa ilikuwa imesimama mlangoni.

Hakumwambia Mwalimu. Mjamzito hashtuliwi, ndivyo alivyojisemea, na kweli nusu yake ilikuwa hiyo, lakini nusu nyingine ilikuwa ni kwamba alijua ataulizwa ni nani aliyesema ndiyo.

Jumanne, saa sita mchana, alikuwa mezani akikata kitambaa aliposikia akiitwa kutoka ndani, kwa sauti ya chini sana.

"Fundi. Usipige kelele. Njoo."

Mwalimu alikuwa sebuleni, kwenye kiti cha mkono alichokizoea, miguu chini, mikono imeshika pande zote mbili za kiti. Jasho lilikuwa likimtiririka. Alikuwa hatazami popote.

"Vipi? Uchungu?"

"Hapana." Midomo yake haikufunguka sana. "Kuna mtu amenikalia."

Fundi akataka kusema maneno ya mume, ya kutuliza, kwamba ni joto, ni damu, ni miezi ya mwisho, lakini macho yake yalikuwa yameshashuka mapajani mwa mkewe na kuliona gauni limelala bapa juu ya mapaja kama lililopigwa pasi, na juu kidogo ya hapo, pale tumbo linapoanza, nguo imesukumwa ndani, taratibu, kama mtu anavyojiegemeza nyuma akitafuta pa kupumzisha mgongo, na mto wa kiti chini ya Mwalimu umezama kuliko alivyowahi kuuona ukizama, umezama kwa uzito wa watu wawili, na mkono wake mwenyewe, bila yeye kuutuma, ukanyooka ukapita pale juu ya mapaja ambapo hapakuwa na kitu, ukakutana na baridi, na ndani ya baridi ile, nywele.

Akaurudisha mkono. Vidole vilikuwa vimelowa.

"Hachezi," Mwalimu alinong'ona, na machozi yakaanza. "Tangu nimekaa hapa mtoto hachezi."

"Toka," Fundi akasema, kwa nani, hakujua. "Tafadhali. Tafadhali mwachie mke wangu."

Mto ukaanza kunyanyuka. Gauni likarudi umbo lake. Mwalimu akavuta pumzi ndefu kama aliyetolewa majini, na katika pumzi hiyo hiyo, kiti cha upande wa pili, kile cha dirishani, kikazama polepole, springi moja baada ya nyingine, na kutulia kikiwatazama.

Fundi alimbeba mkewe mzima mzima. Alimkalisha nje kwenye benchi la mbao tupu, lisilo na sponji, na kumwambia asiinuke hapo na asikalie kitu chochote laini mpaka arudi. Wakashika tumbo wote wawili wakingoja. Ilichukua muda mrefu. Kisha mtoto akapiga teke moja dogo, na Fundi akalia mbele ya mkewe kwa mara ya kwanza.

Fundi alimkuta Baba Pacha kijiweni kwa madereva. Hakuwahi kumshika mtu shati maishani mwake. Siku hiyo alilishika.

"Kwenye gari lako kuna nini?"

Baba Pacha akapauka. "Umefungua."

"Nimekushonea kiti."

"Nilikwambia usiguse! Nilikwambia kwa mdomo huu!"

"Hukuniambia kwa nini!"

Wote wawili walisema kweli. Baba Pacha akamvuta pembeni, akaanza kueleza kwa sauti ya mtu anayeungama.

"Miaka miwili sasa. Mchana, jua la utosi, abiria akanisimamisha. Amejifunika, sikujua ni mwanamke au mwanamume. Nikamwuliza, wapi? Akasema, twende tu. Nimekwenda, nimekwenda, nageuka, hakuna mtu. Lakini kiti kimezama, Fundi. Kimezama hivi. Hakushuka. Mpaka siku unafumua kiti kile alikuwa hajashuka. Mganga akamfunga humo humo kitini kwa kufuli. Alisema hawezi kumtoa, anaweza tu kumkalisha. Nikafanya kazi naye nyuma, nimezoea. Mwezi uliopita wanangu wakaanza kwenda kukaa garini wakiongea na shangazi. Wanampisha nafasi. Ungefanyaje?"

"Ukamleta kwangu."

"Nilitaka siku tatu, nitafute mnunuzi. Ningekueleza, ungekubali?"

Fundi akamtazama. "Mimi nimewahi kukataa nini?" akasema, na hakukuwa na utani ndani yake.

Mganga alikuwa mtu wa makamo mwenye chumba nyuma ya duka la kutoa nakala, miwani ya kusomea kifuani, hasira karibu. Aliwasikiliza wote wawili akiwa amefumba macho.

"Huyo si muuaji," akasema. "Anatafuta pa kukaa, basi. Kiti cha gari ni pa kukaa. Kochi ni pa kukaa. Tumbo la mwanamke lililo karibu kujifungua..." Hakumaliza. "Leo, jua likizama. Mkono uliofumua ndio utakaoshona. Sponji ile ile irudi, yote. Alikaa ndani yake miaka miwili, ni kitanda chake. Kipande kikibaki nje, popote kilipo, pale ni kwake. Na mjue hili kuhusu kufuli. Likifungwa mara ya pili halifunguki tena, hata kwangu mimi. Kitakachobaki nje kitabaki nje."

Fundi alipiga magoti uani akamwaga gunia lote la mabaki. Sponji ya zamani ilikuwemo. Aliigeuza, akaiona imekatwa kona moja, ya ukubwa wa kiganja. Alipekua tena. Vipande vya mpya, vumbi, vitambaa. Jua lilikuwa limeshashuka kwenye ukuta. Panya, akajiambia. Panya wanapenda sponji.

"Imo yote?" Mganga akauliza kutoka garini.

Angeweza kusema ngoja. Angeweza kusema kuna kona haipo, tuahirishe, tutafute. Lakini mkewe alikuwa kwenye benchi la mbao tangu mchana, amekunja uso kwa maumivu ya mgongo, na ndani ya nyumba kupitia dirisha kiti kimoja kilikuwa kinalia, kinanyamaza, na kingine kinalia.

"Ndiyo," akasema.

Alishona mishono thelathini na tisa kwa uzi mwekundu, kufuli likiwa wazi ndani. Ule wa arobaini aliuacha. Siti ikarudishwa garini, naye akalala chali sakafuni mwa gari, mkono umeingia chini ya siti kati ya springi, kidole kwenye kufuli. Baba Pacha akaketi kwenye usukani.

"Sema," Mganga akaamuru.

Baba Pacha akawasha gari. Mara mbili likakataa, mara ya tatu likakubali.

"Abiria," akasema, na sauti ikamkatika, akaanza upya. "Abiria. Twende."

Hapakuwa na kitu. Injini ikanguruma. Mwanga ukawa mwekundu, ukawa kijivu. Kisha ikaja harufu, ya kutu, ya nywele zilizoloa, ikapita juu ya uso wa Fundi taratibu kama upindo wa nguo, na mlango wa nyuma, uliokuwa wazi, ukavutwa ukafungwa kwa adabu, kama anavyofunga mtu aliyelelewa vizuri, na springi juu ya mkono wake zikaanza kushuka, za katikati, kisha za kulia, zikabana kiganja, zikabana kifundo, baridi ikapanda mpaka bega, akasikia mfupa wa kidole kidogo ukilia, na bado zinashuka, na huku anaomba Mungu anahesabu, kwa sababu mkono wa fundi huhesabu hata ukivunjika, na hesabu ikamwambia kwamba springi za kona ya kushoto, pale sponji ilipokosekana, hazijashuka hata kidogo.

"Amekaa?" Mganga akauliza. "Amekaa kwa uzito wote?"

"Ndiyo! Ndiyo, amekaa!"

"Funga!"

Akabana. Kufuli likalia. Mshono wa arobaini aliushona kwa mkono mmoja, vidole viwili vya mwingine vimevunjika.

Asubuhi Mganga alilichukua gari lenyewe, Baba Pacha akimfuata nyuma kwa miguu, na tangu siku hiyo uani palibaki alama nne za matairi tu. Makochi yakawa yanabaki kama yalivyoachwa. Mwalimu akakaa kwenye kiti chake akainuka apendavyo. Baba Pacha alikuja kuomba radhi na akasamehewa, maana naye alikuwa baba. Wiki tatu baadaye akazaliwa mtoto wa kike, kilo tatu kasoro, sauti ya kutosha chumba kizima. Fundi alimpokea kwa mkono wenye bandeji na hakuweza kusema neno lolote, hata lile alilolizoea.

Siku ya kumi na mbili baada ya mtoto kuzaliwa, mchana, alirudi ndani kunywa maji. Nyumba ilikuwa kimya. Mwalimu alikuwa jikoni akiosha vyombo, akiimba kidogo, jambo ambalo hakulifanya kwa mwezi mzima.

"Amelala?" akauliza Fundi.

"Yuko macho, ila katulia. Mtoto huyu mpole sijapata kuona. Nikimbeba analia mpaka anakauka. Nikimlaza kwenye mto wake tu, kimya. Kama kuna mtu anambembeleza."

Fundi akaingia chumbani, akainama juu ya kitanda kidogo. Mtoto alikuwa ametazama juu. Mto wa njano wenye ua lililotariziwa ulikuwa chini ya kichwa chake. Kwa mazoea tu, kama mtu mwingine anavyopapasa kitambaa, Fundi alibonyeza ukingo wa mto kwa dole gumba, akaachia.

Ulinyanyuka polepole. Ulikuwa mzito, wa zamani.

"Mwalimu," akaita. "Mto huu uliujaza nini?"

"Ile sponji yako nzuri, ya kwenye gunia. Nilikata kona tu. Si ulikuwa unasema siku hizi hawatengenezi tena?"

Harufu ilikuwa hapo. Ilikuwa hapo tangu alipoingia. Alikuwa ameidhania maziwa. Akapitisha mkono mmoja chini ya shingo ya binti yake na mwingine chini ya mgongo, kama alivyofundishwa hospitali, akamwinua. Mtoto hakuinuka. Akaweka miguu vizuri, akavuta pumzi, akajaribu tena kwa nguvu anazobebea kochi la watu watatu. Godoro alilolishona kwa mikono yake likazidi kuzama, bonde la duara, mbao za kitanda zikaanza kulia.

"Fundi?" Mwalimu akauliza kutoka jikoni. Maji yalikuwa yamefungwa. "Kuna nini?"

Alitafuta la kusema. Alitafuta hata "hapana".

"Njoo, mke wangu," akasema polepole. "Njoo unisaidie kumnyanyua mtoto."